Msianze na rejesta ya zahanati, anzeni na milango ya watu

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kamati yenu inataka kupima afya ya jamii na kuifuatilia mwaka hadi mwaka, ukauliza programu gani ya simu inafaa, viashiria vingapi vinatosha na ripoti itoke kila baada ya muda gani. Katikati ukapenyeza kwamba namba za kuanzia mtazitoa kwenye rejesta ya zahanati kwa kuwa "zipo tayari". Hapo ndipo mtakapozama.

Rejesta inahesabu waliofika, basi. Aliyeugua akajilalia ndani hayumo. Aliyekimbilia duka la dawa hayumo. Mtoto aliyefia nyumbani hayumo. Na wanaofika huongezeka au kupungua kwa sababu zisizohusiana kabisa na ugonjwa: mvua imekata njia, muuguzi anayependwa kahamishwa, dawa zimeisha. Vipimo vya haraka vya malaria vikikosekana, malaria iliyothibitishwa "inashuka" mwezi huo huo, na mbu hajapungua hata mmoja.

Kamati niliyokuwamo ilifuata njia hiyo hiyo mnayoitaka. Kurasa za kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano zilijaa mwandiko juu hadi chini; mwaka uliofuata mistari ikabaki mitupu. Ikachorwa grafu inayoteremka, ikabandikwa ukutani, wafadhili wakapiga nayo picha. Kwa nguvu ya grafu hiyo, dawa za kutibu maji zikahamishiwa kwingine. Kumbe zahanati ilikuwa imeishiwa ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha) na vidonge vya zinki, na kina mama wamechoka kubeba mtoto mgongoni mwendo wote ule ili waambiwe hakuna. Watoto waliendelea kuhara, ila majumbani.

Ukweli ulijulikana wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipopita nyumba kwa nyumba na swali moja: kuna mtoto aliyeharisha ndani ya wiki mbili zilizopita? Nyumba baada ya nyumba, ndiyo. Mama mmoja akauliza, "Na yule aliyefariki naye aandikwe?" Fomu haikuwa na safu yake. Mhudumu akaandika pembeni, kwenye ukingo wa karatasi. Dawa za maji zilishaondoka, na kuzirudisha kukawa kazi ya barua juu ya barua.

Yule mtaalamu aliyetufundisha mpaka leo ananichemsha damu. Alitwambia takwimu zilizopo zinatosha, tusipoteze muda kugonga milango. Mtu aliyesomea kazi hiyo anajua kwamba idadi ya wagonjwa haisemi kitu mpaka uigawe kwa idadi ya watu walimotoka. Ni somo la mwanzo kabisa. Alilijua, akaona jua kali. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu London, daktari John Snow hakutosheka na orodha ya vifo. Alikwenda kwenye nyumba za marehemu kuuliza maji yao walichota wapi, na ndivyo bomba la maji la mtaa wa Broad Street lilivyojulikana kuwa chanzo. Hakuwa na simu wala programu.

Kwa hiyo hesabuni watu kwanza. Kaya kwa kaya: nani anaishi humo, umri wake, nani mjamzito. Kisha kila mzunguko mwandike aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Msipofanya hivyo mtakutana na chanjo ya asilimia 110, kwa sababu walengwa walikadiriwa kwa sensa ya zamani au watoto wa jirani wamechanjwa kwenu, na mtu atawapongeza kwa hilo! Mkiwa mlangoni tayari, pimeni pia mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Rejesta haiwezi kukuonyesha mtoto huyo kabla hajazidiwa.

Na vifo vya watoto wachanga msivigeuze viwango haraka. Jamii yenye vizazi 100 kwa mwaka, kifo kimoja tu kinapandisha kiwango kwa 10 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka huu mtaonekana mabingwa, mwakani mtaonekana janga, na hakuna kilichobadilika. Kaeni na kila kifo kivyake: aliugua lini, nani alimwona kwanza, walichelewa wapi.

Rejesta tumieni baadaye, iwe ya kulinganisha. Ikisema kuhara kumepungua na milango inasema kumebaki palepale, kaangalieni kabati la dawa.

Leta hapa idadi ya kaya zenu na useme mliipataje. Kama jibu ni "makadirio ya ofisini", ahirisheni uzinduzi.