Maswali na Majibu: Wafalme wa Kale wa Waingereza na Wino wa Ikulu

Maswali ya safari hii nusu yake yametoka kwenye filamu. Nimechukua yale yenye kichwa na miguu, pamoja na mawili matatu yasiyo navyo, maana yasipojibiwa yatarudi tena.

Mfalme Arthur alitawala Uingereza miaka gani? (Morogoro)

Hakuna. Gildas, Mbritoni (yaani mmoja wa wenyeji wa kisiwa kabla ya Waingereza) aliyeandika karne ya 6, jirani kabisa na vita anavyopewa Arthur, hamtaji hata mara moja. Bede, mtawa wa Jarrow aliyemaliza historia yake mwaka 731, naye kimya. Vita vyake vinakuja kuorodheshwa katika kitabu cha karne ya 9, na humo Arthur ni jemadari wa Wabritoni anayewachapa Wasaksoni, yaani mababu wa hao hao Waingereza mnaotaka awatawale. Swali hili lipumzike sasa.

Waingereza ni wenyeji wa kile kisiwa au ni wahamiaji? (Mombasa)

Lugha yao ilihamia, hilo halina ubishi. Damu ndiyo yenye maneno mengi. Utawala wa Kirumi ulipokwisha mwanzoni mwa karne ya 5, anasema Bede, Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka bahari kutoka pande za Ujerumani ya kaskazini na Denmark. Mfalme Mbritoni, Vortigern, ndiye aliyewaita wampiganie. Wakaona nchi nzuri na wenyewe wanyonge, wakamgeuka. Viongozi wao walikuwa ndugu wawili, Hengist na Horsa.

Hadithi tamu. Ila Bede anaiandika karibu miaka 280 baada ya tarehe anayoitaja, na anapofika kwa hao ndugu anatanguliza "inasemekana". Kisha anawapa nasaba inayofika kwa Woden, mungu wa kipagani, vizazi vinne tu nyuma. Wanaonakili Hengist na Horsa kama vile kuna aliyewapokea pwani wanaliruka hilo "inasemekana".

Kwamba watu walihamia kwa wingi ni kweli. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022, wa mifupa ya makaburi ya mashariki na kusini mwa Uingereza, ulikuta hadi asilimia 76 ya asili ya watu wale imetoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Lakini Wabritoni hawakufutika. Ine, mfalme wa Wessex (ufalme wa Wasaksoni wa kusini-magharibi) kuanzia 688, aliweka katika sheria zake fidia ya damu ya raia wake Mbritoni, ikiwa chini kuliko ya Msaksoni. Hutungi sheria ya mtu asiyekuwepo. Na Cerdic, anayetajwa kuwa baba wa ukoo wa Wessex, ana jina la Kibritoni. Mnaonitumia makala za "damu safi ya Kisaksoni", anzieni hapo.

Naomba historia ya wafalme wote kwa kifupi, ni kazi ya shule, naihitaji kesho. (Kampala)

Maktaba hufunguliwa asubuhi.

Nani hasa mfalme wa kwanza wa Uingereza yote? Mwalimu anasema Alfred, kaka anasema Offa. (Dodoma)

Wote wawili wamekosa. Andika Athelstan, mwaka 927, alipoitwaa York, mji mkuu wa kaskazini uliokuwa mikononi mwa Waviking, na kuwa wa kwanza kuzishika nchi zote za Waingereza.

Offa alikuwa mfalme wa Mercia, nchi ya katikati ya Uingereza (757–796), na tuta lake refu la mpakani na Wales lingalipo. Wasomaji wa Ghuba humpenda kwa sababu ya dinari moja ya dhahabu iliyoko British Museum: imenakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, na katikati ya maandishi ya Kiarabu pamepigwa OFFA REX, kichwa chini miguu juu. Fundi hakujua upi ni upande wa juu wa Kiarabu. Halafu watu wananiandikia kwamba Offa alisilimu! Dinari ilikuwa pesa inayoaminika masokoni, akaiga. Basi.

Alfred (871–899) aliiokoa Wessex kwa Wadenmaki pale Edington mwaka 878. Ni jambo kubwa, lakini York hakuigusa. Umaarufu wake umebebwa na wino: Asser, kasisi kutoka Wales, aliandika maisha ya bwana wake huyo angali hai, na tarikhi ya mwaka kwa mwaka iliyoanza kusambazwa zama zake inampandisha baba yake mpaka kwa Woden, kwa Nuhu, hadi kwa Adamu. Athelstan, mjukuu, alipiga kazi kubwa zaidi, akakosa Asser wake.

Ni kweli Alfred aliunguza mikate ya mwanamke aliyemhifadhi? (Nakuru)

Kisa hicho kimeibuka karibu karne nzima baada ya kifo chake, katika simulizi za maisha ya mtakatifu mmoja. Hapana.

Hakukuwa na mwanamke aliyetawala? (Zanzibar)

Alikuwepo Aethelflaed, binti wa Alfred. Mumewe alipofariki mwaka 911 aliishika Mercia mwenyewe, akajenga ngome, akaiteka Derby mwaka 917, na Leicester ikajisalimisha mwaka uliofuata. Alifia Tamworth Juni 918. Kaka yake, Edward wa Wessex, akamwondoa binti wa marehemu madarakani, Mercia ikamezwa. Sasa fungua ile tarikhi ya Wessex iliyoanza kusambazwa zama za baba yake: dada huyu karibu haonekani mpaka siku ya kufa kwake. Habari za vita vyake zimebaki katika kumbukumbu za Mercia.

Kwa nini mfalme wa 1272 anaitwa Edward wa Kwanza na kabla yake walikuwepo wengine? (Arusha)

Walikuwepo watatu. Hesabu ilianzwa upya baada ya William wa Normandy kuiteka nchi mwaka 1066.

Harold alikufa kwa mshale wa jicho? Na ni kweli William ndiye aliyeleta dola, yaani serikali, Uingereza? (Lubumbashi)

Kwenye kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa picha za vita vya 1066 ambamo William alimshinda Mfalme Harold, kuna mtu mwenye mshale usoni na mwingine anayekatwa upanga, na maneno "Mfalme Harold ameuawa" yameshonwa juu ya wote wawili. Chagua wako.

La pili ndilo linalonichosha. William aliingia nyumba iliyokwisha kuezekwa. Majimbo, sarafu ya mfalme na kodi ya ardhi alivikuta. Bila hivyo wakaguzi wake wasingeweza kuandika mashamba ya karibu nchi nzima mwaka 1086. Waliuliza kila mahali nani alimiliki zama za Mfalme Edward, aliyekufa Januari 1066, na nani anamiliki sasa. Harold, aliyevikwa taji mwezi huo huo na kutawala miezi tisa, kwa kawaida katika kumbukumbu za wakaguzi hao anaandikwa kwa cheo chake cha zamani, kama mkuu wa jimbo.