Kaka zangu wanataka kuuza nyumba ya wageni ya babu

*Assalamu alaykum mama. Nyumba yetu ya wageni ipo Jambiani, Zanzibar, pwani kabisa. Aliianzisha babu, akaiendesha baba, na tangu baba afariki tunaiendesha mimi na mama. Naamka kabla ya alfajiri kukanda chapati za wageni. Sasa kaka zangu wawili, mmoja yupo Dar es Salaam na mwengine Muscat, wamepata mnunuzi. Wanasema mtoto wa kike hana usemi. Nifanyeje?*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa neno hilo. Limenikera, maana si kweli hata kidogo.

Kwanza nijibu hili: babu alipofariki, mirathi yake iligawiwa? Umeandika baba "akaiendesha". Kuendesha si kurithi. Kama babu aliacha mabinti, basi shangazi zako wana haki humo mpaka leo, na kaka zako hawana ruhusa ya kuuza cha watu. Mauzo mengi ya pwani hukwama hapo: mnunuzi keshatoa pesa, ndipo anapotokea shangazi ambaye hakuulizwa.

Tuseme yote ilikuwa ya baba, na wazazi wake walishatangulia. Hulipwa madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kinachobaki kikigawiwa mafungu 40, mama yako ana 5, ndiyo thumuni yake, yaani moja ya nane, wewe 7, na kila kaka 14. Saba si haba, na hakuna wa kukuuzia bila ridhaa yako. Lakini wao wana 28, nao usiwaone wezi.

Zile chapati za alfajiri si mirathi, ni kazi, na ina ujira wake. Fungua daftari la hesabu uwaonyeshe. Kaka wa Muscat anaiona nyumba Agosti imejaa. Aprili, masika yakipiga, vyumba vitupu na makuti yanavuja, hayupo. Pendekeza wewe na mama mlipwe mshahara, na faida igawiwe kwa mafungu. Wakikataa, omba nyumba ithaminiwe, ununue mafungu yao kidogo kidogo kila msimu. Muulize kadhi pia kuhusu shufaa, haki ya mshirika kununua kabla ya mtu wa nje.

Mirathi ipelekeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Mkigombana, ipo Mahakama ya Kadhi. Ila wiki hii anza kwa shangazi zako, kabla hujawajibu kaka. Na mama asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote atakayoletewa.