Paje, Nungwi au Mafia mwezi wa Agosti? Kabla ya kulipia hoteli angalia mwezi

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni Mtanzania naishi Ujerumani, Agosti 2026 tunakuja mimi, mume wangu Mjerumani na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 mwingine 10. Tunatua Kilimanjaro tarehe 5, tunaenda Serengeti, halafu tarehe 11 mpaka 16 tunataka bichi. Mume kaona picha za Paje hataki kusikia kingine, dada yangu wa Dar anasema Nungwi, rafiki anasema twende Mafia kuna wale papa wakubwa wasiouma. Mimi ninachotaka ni watoto waogelee muda wowote wakijisikia, na nimeambiwa kuna sehemu maji yanakimbia mpaka huyaoni. Ni kweli? Na nitajuaje kabla sijalipa?

JIBU: Salama dada, na karibuni nyumbani. Ni kweli, maji yanakimbia, na Paje yanakimbia hasa, ila sio kila siku kwa kiasi kilekile wala saa ileile, na hapo ndo wengi wanakosea kwa sababu wanachagua bichi kwa picha na picha ya bichi mtu anaipiga maji yakiwa yamejaa. Mimi kazi yangu ni kupangia watu safari Unguja, na mteja akija swali langu la kwanza sio bajeti, ni tarehe. Wewe tarehe umeshanipa kwa hiyo twende nazo.

Tarehe 12 Agosti 2026 ni mwezi mpya (ndo siku hiyohiyo jua linapatwa kule Hispania, na huko Ujerumani majirani zenu wataliona limeliwa sehemu kubwa, nyie mtalikosa lakini hamtakuwa na cha kulalamika mkiwa ufukweni). Sasa mwezi ukiwa mpya au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, kwa Unguja tofauti ya juu na chini inafika mita 3 mpaka karibu 4. Siku kama saba baadaye mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavutana kila kimoja upande wake, tunapata maji mafu, tofauti inashuka mpaka mita moja na kidogo hivi. Na hali haigeuki siku ileile ya mwezi, bamvua lenyewe linakuwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Yaani nyie mnafika tarehe 11 na kuondoka 16, mmeingia katikati ya bamvua kama vile mlipanga.

Kitu kingine ambacho wavuvi wote wanakijua ila kwenye tovuti za hoteli huwa hukioni ni saa. Huku kwetu bamvua lina saa zake, maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, halafu kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Sasa weka hiyo kwenye ratiba ya mtoto wa miaka 6. Ameamka saa moja, amekunywa chai, saa tatu yupo na boya lake mkononi anataka maji na maji ndo yanaondoka. Pale Paje, Bwejuu na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kuna mwamba wa matumbawe mbali huko nje na kati ya mwamba na ufukwe ni tambarare, kina kidogo tu, kwa hiyo maji yakishuka mita tatu eneo lote linabaki mchanga na vidimbwi na bahari unaiona kama mstari mweupe kule mawimbi yanapopasukia. Atakuja kuogelea vizuri kuanzia saa saba au nane mchana mpaka jua linazama. Kipimo ninachowapa watu kwa pwani ya mashariki ni saa mbili mpaka tatu kabla ya maji kujaa kabisa na saa mbili mpaka tatu baada, nje ya hapo unatembea tu huogelei. Kiwengwa na Matemwe ni tabia hiyohiyo.

Kendwa, jirani ya Nungwi kule kaskazini magharibi, ni tofauti kwa sababu ufukwe wake unashuka haraka, maji yakikupwa yanarudi nyuma hatua kadhaa tu na kina kinabaki. Sehemu kubwa ya Nungwi upande wa magharibi nayo hivyohivyo. Halafu kuna upepo, Agosti ni kusi, linapuliza kutoka kusini mashariki moja kwa moja kwenye pwani ya Paje, ndo maana watu wa kaiti (wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa) wamejaa pale kuanzia Juni, kwao ni raha, kwa mtoto mwenye boya la kupuliza ni taabu na zile kamba za kaiti mimi sizipendi karibu na watoto. Kendwa imetazama magharibi, kisiwa kizima kinaikingia upepo, maji yanakuwa yametulia, na jua linazamia baharini mbele yenu. Kwa hiyo kwa tarehe zako na kwa hilo sharti lako la kuogelea muda wowote jibu ni Kendwa, na dada yako wa Dar yuko karibu sana na ukweli.

Nasema karibu kwa sababu Nungwi ni rasi, ina pande mbili. Kuna hoteli zinaandika Nungwi na ziko upande wa mashariki, kule maji yanakimbia na kusi linapiga kama kawaida, na bei inaweza kuwa nzuri ukadhani umeokota. Kwa hiyo swali lako la kujua kabla ya kulipa liko hivi: fungua ramani ya satelaiti, itafute hoteli, angalia rangi ya maji mbele yake. Ukiona buluu iliyokolea imesogea karibu na mchanga, kina kipo. Ukiona eneo pana la kijani kibichi na kahawia lenye mabakamabaka halafu mstari mweupe kwa mbali, hiyo ni tambarare ya mwamba na itakauka. Baada ya hapo waandikie hoteli, usiwaulize "bichi yenu nzuri?" maana hakuna atakayekujibu hapana, waulize "tarehe 13 Agosti saa nne asubuhi natembea hatua ngapi mpaka maji yanifike kiunoni?" Meneja mkweli atakujibu kwa namba. Akianza kukueleza habari za bwawa la kuogelea umeshapata jibu lako.

Jedwali la maji kupwa na kujaa la Zanzibar lipo bure mtandaoni, lisome hivi: kwa kawaida kila siku ina namba nne, mbili kubwa za kujaa mbili ndogo za kupwa, kwa mita. Ukiona kupwa imeandikwa 0.3 au chini ya hapo jua pwani ya mashariki itakauka kabisa, ukiona 1.2 au 1.4 hata Paje utapata maji ya kuchezea mtoto kutwa nzima. Angalia tu jedwali liko kwa saa za Afrika Mashariki, mengine yanakuja kwa saa za Greenwich (GMT au UTC) na utakuwa umekosea kwa saa tatu.

Mafia naipenda sana ila sio kwa Agosti. Papa potwe, hao anaowasema rafiki yako, msimu wao ni Oktoba mpaka Machi hivi, na Agosti kusi linachafua safari za boti. Kuna mtu atakwambia pia Ushongo kule Pangani, pametulia, na fungu la Maziwe ni zuri mno (mchanga mtupu katikati ya bahari, bamvua likijaa linafunikwa lote), ila kutoka Serengeti kwa barabara na watoto hapana.

Sasa shemeji na Paje yake. Kama ameshika hapohapo kuna njia moja ya maana, geuzeni safari, anzeni na bichi tarehe 6 mpaka 10 halafu Serengeti. Mwezi unakuwa nusu tarehe 6 kwa hiyo mnapata maji mafu, Paje hiyohiyo inakuwa bahari nyingine kabisa, na nyumbu kule mto Mara wapo tangu Julai mpaka Oktoba, siku tano hazibadilishi kitu. Sema ukweli wangu ni kwamba watu wakitoka porini na vumbi wanataka bahari mwishoni, na watoto wakishaonja bahari kwanza utawabembeleza kukaa kwenye gari siku tano, kwa hiyo mimi nisingegeuza.

Ningefanya hivi. Usiku nne Kendwa, tarehe 11 mpaka 15. Tarehe 15 asubuhi mnafungasha, mnaondoka mapema, mnashuka kusini mnapitia msitu wa Jozani kuwaona kima punju (hawaogopi watu, wanapita juu ya vichwa vyenu, ila msiwashike wala kuwalisha), halafu mnaingia Paje kwenye saa tano maji yakiwa mbali kabisa. Hiyo ndo saa ambayo watalii wengi wanakasirika na kwa mtoto ndo saa bora: unatembea kwenye mchanga uliokauka unaona mashamba ya mwani yamepangwa kwa kamba na vijiti, akina mama wako kazini, kuna viti vya pweza (hizo nyota za baharini), samaki wadogo kwenye vidimbwi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Viatu vya maji ni lazima kwa wote wanne, kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama nungunungu (sea urchin) na mwiba ukivunjikia mguuni likizo imeisha. Na msiende mpaka kwenye mwamba wenyewe bila mwenyeji, kwa sababu maji yakigeuka hayaji kutoka mbele tu, yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu na mtoto wa miaka 6 atafikwa kifuani wakati wewe bado unaona mchanga mbele. Mnakula, kwenye saa nane na nusu hivi maji yanarudi, shemeji anaogelea kwenye picha yake, jioni mnaenda kulala Mji Mkongwe karibu na uwanja wa ndege.

Kisiwa kidogo cha Mnemba, kuangalia samaki kwa miwani, ni pazuri ila kwa kusi la Agosti ningechagua boti inayotokea Muyuni au Matemwe, njia ya maji ni fupi, kuliko kuzunguka na mawimbi kutoka Nungwi na watoto wanatapika. Asubuhi mapema, na jaketi za kuokolea zenye saizi ya watoto zijaribuni kabla boti haijasukumwa, sio mkiwa katikati. Pale kwenye ncha ya Nungwi upande wa mnara mkondo una nguvu wakati wa bamvua, msiogelee kuzunguka ncha hata kama maji yanaonekana yamelala.

Vitu vidogo vya karatasi. Ndege ndogo za kutoka Serengeti wanaruhusu kwa kawaida kilo 15 kwa mtu na wanataka begi laini, masanduku magumu ya magurudumu yaacheni Arusha au msije nayo. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar hata kama ana ya kwao, dola 44 mtu mzima na 22 kwa mtoto, kwa hiyo shemeji na watoto kama wana pasi za Ujerumani muwakatie mtandaoni kabla, wewe kama bado una pasi ya Tanzania haikuhusu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, toeni kwenye mabegi kabla ya kupanda ndege.

Kendwa na Nungwi mapapasi (vijana wanaofuata watalii kuwauzia vitu) wapo, watawauzia boti, kanga, dansi, kila kitu, ukiwasalimia kwa Kiswahili na kumwambia "ahsante mdogo wangu, tumeshapanga" wengi wanakuachia. Bukini mapema tu, Agosti vyumba vya familia ndo vinaanza kuisha, na ukishapata majina ya hoteli mbili tatu nitumie nikuangalizie ziko upande gani wa rasi.