Magoti, nyonga na mkao wa kusukuma mtoto

Maelekezo ambayo wajawazito wengi huyapata chumba cha kujifungulia ni kulala chali, kupanua mapaja kadiri inavyowezekana, kubana pumzi na kusukuma kwa nguvu zote. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hivyo. Wa pili nilimzaa nikiwa nimepiga magoti kitandani na kuegemea sehemu ya kichwani iliyokuwa imeinuliwa. Kwa kuwa uzazi wa pili kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wa kwanza, sidai kwamba nafuu yote niliyoipata ilitokana na mkao, lakini nilihisi wazi mtoto akishuka kila nilipobadilisha jinsi nilivyoweka magoti, na tangu hapo nimewasumbua wakunga kwa maswali mengi kuhusu nyonga.

Nyonga si pete ya chuma yenye upana usiobadilika. Mifupa miwili ya pembeni hukutana mbele kwenye kinena, na nyuma hushikana na mfupa mpana wa chini ya mgongo, ambao huishia kwenye kifandugu. Wakati wa ujauzito viungo hivi hulegea kwa sababu ya homoni, relaksini ikiwa mojawapo, hivyo mifupa hiyo huweza kusogea kidogo, na kidogo hicho kina thamani kubwa pale kichwa cha mtoto kinapotafuta njia. Isitoshe, lango la juu la nyonga ni pana zaidi kutoka ubavu hadi ubavu, ilhali lango la chini ni pana zaidi kutoka mbele kwenda nyuma, na ndiyo sababu mtoto huingia akiwa ametazama pembeni, kisha hugeuka kadiri anavyoshuka, mara nyingi mpaka uso wake uelekee mgongo wa mama.

Hapa ndipo magoti yanapohusika. Kupanua mapaja na kuelekeza magoti nje hunufaisha zaidi lango la juu, yaani wakati mtoto bado yuko juu. Akishashuka, kinachohitaji nafasi ni lango la chini, nalo hupanuka magoti yanaposogezwa ndani kidogo huku nyayo zikielekea nje. Asiyeamini na akae kwenye kiti kigumu, aweke viganja chini ya makalio mpaka aiguse ile mifupa miwili tunayoikalia, kisha akutanishe magoti na kutanua nyayo: ataihisi mifupa hiyo ikiachana. Akifanya kinyume chake, magoti nje na visigino pamoja, itakaribiana. Jaribio hili dogo lilinishawishi kuliko maelezo yote niliyopewa kwa mdomo.

Jambo la pili ni kifandugu. Mama anapolala chali au kuketi nusu, uzito wake hukikandamiza pamoja na mfupa ulio juu yake, wakati ambapo vingepaswa kurudi nyuma ili kumpisha mtoto. Kulala chali kabisa kuna ubaya mwingine pia, kwani tumbo hulalia mishipa mikubwa ya damu na huweza kushusha shinikizo la damu la mama. Kupiga magoti, kuinama kwa mikono na magoti, kusimama huku umeegemea kitu, au kulala ubavu, yote huachia sehemu hiyo huru. Mimi napendelea magoti, kwa sababu kati ya uchungu mmoja na mwingine niliweza kuyumba mbele na nyuma, kuzungusha kiuno, au kuinua goti moja na kukanyaga kwa unyayo, jambo linaloongeza nafasi upande mmoja na kumsaidia mtoto anayesita kugeuka. Kuchuchumaa husifiwa sana, lakini huchosha mapaja upesi, na ni afadhali kuwe na mtu wa kukushika au kitu imara cha kuning'inia.

Kuhusu pumzi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inasema mama asiye na ganzi ya mgongoni ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka, ukiwemo wa wima, na kusukuma kwa kufuata msukumo wa mwili wake mwenyewe. Msukumo huo, ukiusubiri, huja kama haja kubwa isiyozuilika, na sauti nzito ya kooni inayotoka nao haina aibu yoyote. Miongozo hiyohiyo inaeleza kwamba hatua hii, tangu mlango wa kizazi ufunguke kabisa hadi mtoto atoke, kwa kawaida humalizika ndani ya saa 3 kwa uzazi wa kwanza na saa 2 kwa unaofuata, kwa hiyo hakuna haja ya kujimaliza nguvu mwanzoni. Kichwa kinapoanza kutokeza, acha kusukuma na uheme kwa pumzi fupi ili msamba utanuke taratibu. Kulala ubavu hufaa sana hapa, hasa kwa mtoto anayekuja kwa kasi.

Aliyechomwa ganzi ya mgongoni huenda asiweze kupiga magoti, lakini anaweza kulazwa ubavu, mto ukawekwa kati ya nyayo badala ya kati ya magoti, ili mguu wa juu uelekee nje.

Mikao ya wima nayo ina upungufu wake, kwani huenda ikaongeza damu inayopotea, kwa hiyo mkunga ni lazima awe karibu. Zungumza naye mapema, kabla uchungu haujakolea, umweleze mkao unaoutaka na umuulize atakavyosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto ukiwa hivyo. Mabega ya mtoto yakikwama baada ya kichwa kutoka, huenda akakulaza chali ghafla na kukuvuta magoti mpaka karibu na kifua. Mkao huo hunyoosha mpindo wa kiuno na kuinua mfupa wa kinena ili bega lipite chini yake, kwa hiyo usimbishie hata kama makala haya yamekwambia usilale chali.