Maswali ya Wasomaji: Msumeno Mkubwa Unapogoma Kuwaka

Swali: Nina msumeno wa mnyororo wa cc 38, baa (ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo) ya sentimita 35. Kwenye matawi hauna neno, lakini nikiingia msituni kukata magogo ya sentimita 45 unachoka na moshi unafuka. Nataka mkubwa zaidi. Ninunue wa cc ngapi?

Jibu: Kabla hujanunua, tazama kinachotoka kwenye mkato. Mnyororo mkali hutoa vipande vinavyoonekana. Ulio butu hutoa vumbi laini kama unga. Ukiona vumbi, tatizo si injini. Noa meno yote kwa tupa ya mviringo, kila jino mapigo sawa, urudi kwenye gogo lile lile. Kuhusu moshi, ukifuka kwenye mkato badala ya ekzosi, angalia pia kama oili ya mnyororo inafika: elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe, ongeza kasi, na mstari wa oili uonekane.

Ikiwa mnyororo ni mkali na bado injini inazidiwa, tafuta msumeno wa cc 50 hadi 60 wenye baa ya sentimita 40 hadi 50. Wa cc 70 tungemwachia anayekata magogo mazito kila siku. Wa cc 50 huwa na kama kilo 5, na wa cc 70 hukaribia kilo 6.5, kabla hujafunga baa na mnyororo, na uzito huo utaubeba mpaka jioni. Wala usikimbilie baa ndefu. Gogo la sentimita 45 linakatika kwa baa ya 40 ukiingia pande mbili, ilhali baa ndefu huzamisha meno mengi kwa wakati mmoja na kuinyima injini kasi.

Mnyororo wa msumeno wa zamani huenda usiingie kwenye mpya. Linganisha mambo matatu: hatua ya mnyororo, yaani wastani wa umbali kati ya riveti zinazofuatana (inchi 0.325 au 3/8), unene wa viungo vinavyopita kwenye mfereji wa baa (milimita 1.3, 1.5 au 1.6) na idadi ya viungo hivyo.

Swali: Nimenunua wa cc 60. Kamba ni ngumu, karibu inipokonye mkono. Mwanzo ulikohoa mara moja ukanyamaza. Nimevuta mpaka bega linauma, na sasa plagi imelowa.

Jibu: Kile kikohozi ndicho kilichokuwa ishara, nawe ukakipita. Choki ikifungwa, injini hunyonya petroli nyingi na hewa kidogo. Ikishakohoa imepata ya kutosha. Kila mvuto unaofuata choki ikiwa bado imefungwa huongeza petroli tu, mpaka plagi inashindwa kutoa cheche.

Kwanza ikaushe. Zima swichi, fungua plagi, igeuze injini tundu la plagi litazame chini na mbali nawe, uvute kamba mara sita au saba ili petroli itoke. Futa plagi, hakikisha mwanya wake ni milimita 0.5 hivi, uirudishe. Sogea mita 3 kutoka hapo petroli ilipomwagika.

Sasa washa hivi. Weka msumeno chini mahali tambarare, mnyororo usiguse kitu, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Ingiza ncha ya buti la kulia kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ukandamize mpini wa mbele. Kama kuna kitufe cha kupunguza mgandamizo juu ya silinda, kibonyeze: huachia sehemu ya hewa, kamba ikawa nyepesi. Injini ikikohoa kitaruka chenyewe, basi kibonyeze tena. Vuta kamba polepole mpaka ikukatalie, ndipo uvute kwa nguvu. Usiivute mpaka mwisho wake, wala usiiachie irudi yenyewe, ndivyo zinavyokatika.

Kwa kuwa injini hii imekwisha kulewa petroli, leo choki iwe wazi, usiifunge kabisa. Siku nyingine ikiwa baridi, funga choki, vuta mpaka ikohoe, isogeze choki kwenye nafasi ya nusu, vuta tena. Ikiwaka, gusa ekseleta mara moja ili mwendo ushuke, kisha ndipo uachie breki. Ukiiacha ingurume kwa kasi huku breki imefungwa, klachi inaungua.

Na ile staili ya kuuachia msumeno udondoke kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kamba, iache. Mnyororo unaweza kuanza kuzunguka ukiwa karibu na paja.

Swali: Msumeno mdogo nilikuwa nauwekea oili sehemu 1 kwa petroli 25. Huu mpya unataka 1 kwa 50. Nikizidisha oili si ndiyo usalama zaidi?

Jibu: Hapana. Oili ya ziada huacha masizi kwenye plagi na ekzosi, tena huchukua nafasi ya petroli, injini ikachoma mchanganyiko mkavu na kupata joto. Uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa lita moja, au 100 kwa lita 5. Tumia oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, changanya kwenye dumu wala si ndani ya tangi, na tikisa kila unapojaza. Andika tarehe kwenye dumu. Mchanganyiko uliopita mwezi usiutie kwenye msumeno.