Kikopo cha jana

Asubuhi nimekuta kikopo cha makohozi mezani hapa maabara kimeandikwa saa tisa alasiri ya jana, na kijana wetu mmoja anakifungua kwa furaha aoteshe bakteria. Nimemnyang'anya. Basi sikilizeni, wanangu, maana nachoka.

1. Hadubini kwanza. Seli za mdomo zikizidi 10 kwenye lenzi ndogo, hayo ni mate, ombeni mengine. Seli za usaha zikipita 25, hapo tuna kazi.

2. Yaoteshwe ndani ya saa mbili tangu mgonjwa akohoe, basi. Hili nalijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, kaskazi imekolea, zamu inaisha, kikaletwa kikopo cha mzee mwenye nimonia juu ya mapafu yaliyochakazwa na sigara. Makohozi mazito, ya kijani, mazuri hasa. Nikapaka slaidi, nikaitia rangi ya Gram inayotofautisha bakteria, nikaona vijiti vyekundu vidogo mno. Kuotesha? Nikafikiria foleni ya Likoni, nikajiambia kesho. Hata friji, hatua tatu tu, sikuifikia. Na feri yenyewe niliikosa.

Nilipootesha, sahani zilifurika bakteria wa Klebsiella, inavutika kama mlenda. Kwa hadubini, mapande yale ya vijiti hayakufanana kabisa na vijiti vya jana. Niliona, wallahi niliona, nikaamini sahani. Nikaandika jina kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi, daktari akabadilisha dawa. Siku ya tatu mzee bado anahema kama samaki ndani ya ngalawa. Daktari akashuka mwenyewe na kikopo kipya, hakusema neno. Safari hii nikaotesha papo hapo: agari ya damu, chakula cha bakteria kwenye sahani, kimya; agari ya chokoleti, ambayo ni damu iliyopashwa moto ikawa kahawia, imejaa bakteria wa Haemophilus influenzae, ndio vile vijiti vidogo. Ile ya kwanza ilikufa mezani kwangu, huku Klebsiella ya mdomoni ikizaana kwenye joto letu. Mzee alipona, ila zile siku za ziada wodini ni zangu.

3. Chokoleti ikiisha, choreni mstari wa bakteria wa Staphylococcus aureus kwenye agari ya damu; Haemophilus itaota kandokando yake kama vifaranga.

4. Wagonjwa wenye mapafu yaliyochakaa kama ya yule mzee huishi na bakteria kifuani hata wakiwa wazima, kwa hiyo bakteria wa Pseudomonas kuota si lazima ndiyo mshtakiwa. Na msinuse sahani! Najua inanukia zabibu. Nilijuaje, msiniulize.

5. Kifua kikuu msikisahau, mashine ya kukipima, GeneXpert, ipo.

Kijana nimemtuma wodini akaombe kikopo kingine. Amerudi na mate.