Uvimbe usiowasha: omba kipimo cha C4

Usiku wa kuamkia harusi ya dada yangu, mdomo wa juu ulivimba hadi asubuhi nikashindwa kunywa chai. Dukani nikapewa piritoni, hospitali nikachomwa sindano ya mzio, na uvimbe ukakaa siku 3 vilevile. Haukuwasha, wala sikutoka kipele hata kimoja. Hilo la kutowasha ningelisema tangu siku ya kwanza, ningepona mengi.

Baadaye ukahamia tumboni: kujikunja, kutapika, hadi nikapasuliwa na kutolewa kidole tumbo ambacho kumbe kilikuwa kizima. Mama naye alikuwa na uvimbe wake; nyumbani tuliuita husda.

Daktari aliyeniokoa aliuliza kwanza habari za mama, ndipo akaandika kipimo cha damu cha C4, protini mojawapo ya kinga ya mwili. Ikaja chini mno: nina angioedema ya kurithi, ugonjwa wa kuvimba unaopita katika familia.

Damuni mna protini zaidi ya 30 ziitwazo komplimenti, C4 na C1 zikiwemo, nyingi zikitengenezwa na ini. Kijidudu kikiingia, moja huiamsha nyingine: zipo zinazokibandika alama ili chembe nyeupe zikimeze, na zipo zinazokitoboa. Kazi kubwa hiyo inahitaji breki, na breki yake mojawapo ni kizuizi cha C1. Mimi ninacho kidogo. Kwa hiyo C4 yangu huliwa ovyo, tena kizuizi hichohicho ndicho kinachozuia bradikinini, kemikali inayolegeza mishipa ya damu, isizidi. Ikizidi, mishipa huvujisha maji kwenye nyama, nawe unavimba. Histamini, kemikali ya mzio, haimo kabisa, ndiyo maana dawa za mzio zilinipita tu.

Ukiwa na hali hii, mwambie kila anayekuandikia dawa. Dawa za presha za kundi la enalaprili na kaptoprili usizikubali, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinachochea. Kung'oa jino nako kunahitaji maandalizi. Zungumza na daktari wako mapema.

Koo ndilo linaloua. Sauti ikibadilika au mate yakagoma kumezeka, toka nyumbani saa hiyohiyo, usisubiri kupambazuke. Mimi natembea na karatasi yenye jina la ugonjwa, na chini yake daktari ameandika: pasipo dawa maalumu za ugonjwa huu, aongezewe plazima (majimaji ya damu).

Kila mtoto wangu ana nusu ya uwezekano wa kuurithi. Binti yangu ana miaka 8. Jumatatu anatolewa damu, na mama amekubali kuja kupimwa naye.